Mkate Uliokolea Chokaa

Mwaka nilioolewa, unga wa ngano ulikuwa umeadimika Mombasa. Vita vilikuwa mbali nasi, lakini boflo, mkate wa ngano wa dukani, lilikuwa limeanza kuchanganywa na unga wa mahindi, na likikaa mpaka jioni ungeweza kulitumia kupigilia msumari. Watu wa mtaa wetu, humo Mji wa Kale, wakaurudia mofa, mkate wa mtama waliokula mabibi zetu. Mofa haupikwi chunguni wala kwenye chuma. Donge hutandazwa kiganjani, likabandikwa ndani ya tanuri la kuni, juu ya ukuta wenyewe, na mkate ukaiva kwa joto la ukuta huo. Ukumbuke ukuta huo, maana ndio uliotutia taabuni.

Mtaani palikuwa na tanuri moja tu la mofa, la bibi mmoja aliyewaokea watu wote. Mwaka ule mwanawe akamchukua kwenda kukaa Malindi, na wapangaji walioingia nyumbani mwake wakalivunja tanuri wapate pahala pa kuanikia nguo. Ramadhani ilikuwa imebaki miezi miwili. Mavyaa wangu, yaani mama yake mume wangu, akasema, "Basi tutajenga letu. Hapo uani."

Alikuwa na sababu nyingine, na hakunificha. Bavyaa wangu, mumewe, alikuwa mwashi. Nusu ya kuta za mtaa ule zilipita mikononi mwake. Miezi saba kabla ya hapo alianguka kutoka juu ya jukwaa, akavunjika kifundo cha mkono wa kulia, na mfupa ukaunga vibaya. Tangu siku ile hakushika mwiko wake wa uashi. Alikaa barazani asubuhi, akapanda juu kulala mchana, na hakusema neno.

"Mkate nautaka," mavyaa aliniambia tukipepeta mtama. "Lakini zaidi namtaka bwana yule asimame pale uani akafanye kazi. Mtu aliyejenga maisha yake yote, akikaa hivi, yuwafa taratibu, na sisi twamtazama."

Jioni ile tulikaa kuchagua tanuri. Mume wangu, aliyekuwa karani bandarini, alikuwa ameonyeshwa la pipa na rafiki yake mmoja wa reli, kutoka bara, aliyekaa Ganjoni. Unalaza pipa la mafuta, unalifunika udongo, unawasha moto chini yake.

"Linashika moto upesi," alisema.

"Na mofa utaubandika wapi, mwanangu?" mavyaa akamuuliza. "Kwenye bati? Utaungua huku, na huku ubaki mbichi. Wataka kutulisha mkate au kutucheza shere?"

"Basi tutafute mtungi mkubwa wa maji, tuutoboe chini."

"Mtungi wa maji umefinyangwa kwa ajili ya maji. Ukitiwa moto utalia pa!"

Hapo sauti ikatoka mlangoni, sauti tuliyokuwa tumeanza kuisahau. Bavyaa alikuwa amesimama pale, mkono wake mbovu ameufutika ndani ya kanzu.

"Tanuri ni kazi gani hata mufanyiane mashauri? Mimi nimejenga tanuri tangu sijaota ndevu. Nitajenga mimi."

Mavyaa alinitazama, macho yamejaa. Tukasema wote, "Inshallah." Hakuna aliyeuliza ni tanuri lipi.

Nawe usitucheke, maana neno ni moja. Mwashi wa Mombasa akisema tanuri, anakusudia lile la kuchomea mawe ya matumbawe mpaka yageuke chokaa. Mpishi akisema tanuri, anakusudia la mkate. Tulilitamka neno lile lile, kila mmoja akaona picha yake, na tukadhani tumekubaliana.

Mimi nilizaliwa Jomvu, kwa mama mfinyanzi. Siku mkokoteni ulipoleta mawe ya matumbawe mlangoni, nilijua. Mtoto wa mfinyanzi hajui mengi, lakini moto anaujua: udongo ukipigwa moto hukaza, na jiwe la matumbawe likipigwa moto huoza. Lakini nilikuwa bi arusi wa miezi mitano. Desturi ya nyumba ile, mke wa mtoto hamsemeshi bavyaa wake mpaka azae. Akitaka kumwambia neno humpitishia mavyaa, hata kama wote watatu wamekaa mkeka mmoja. Nikamwendea mavyaa jikoni.

"Mama, mawe haya yatauweza moto?"

"Nyamaza, mwanangu," alisema, akanivuta dirishani. "Hebu tazama mkono wake."

Bavyaa alikuwa ameshika mwiko. Aliushika kwa mkono wa kushoto, kama mtoto anayejifunza kula, na alikuwa anapaka chokaa kwenye jiwe la kwanza. Nikanyamaza.

Alijenga siku tisa. Sijaona tanuri zuri kama lile. Lilikuwa duara, kimo cha kiuno, mdomo wake juu kama wa kisima. Kila safu aliipima kwa timazi, ile kamba yenye risasi inayomwonyesha mwashi kama ukuta umesimama wima. Alipomaliza alilipaka chokaa nje na ndani, likang'aa kama yai. Siku hizo alikula vizuri. Siku moja nilimsikia akiimba.

Tulipoliwasha mara ya kwanza, kwa magogo ya mkoko, lilitoa mlio wa kupasuka, kisha mwingine. Mavyaa akaruka.

"Linakohoa tu," bavyaa alisema. "Limeamshwa usingizini."

Tulibandika mofa kumi na miwili. Mitano ilianguka motoni. Saba iliyoiva tuliigawa, na wa kwanza tulimpa jirani yetu wa mlango wa pili, bibi mmoja mjane aliyekula tambuu, lile jani litafunwalo na popoo na chokaa, tangu alfajiri, mdomo mwekundu sikuzote. Aliuma, akatafuna, akaacha kutafuna. Akanyoosha mkono.

"Shoga, popoo iko wapi?"

"Popoo ya nini?" mavyaa aliuliza.

"Chokaa mumeshatia. Jani la tambuu ninalo hapa. Imebaki popoo tu, nitafune raha yangu."

Tulicheka mpaka tukashikana. Hata mimi nilicheka, nami niliyejua. Bavyaa alikuwa barazani na alisikia kila neno. Hakucheka. Akasema tanuri bado jipya, litawashwa kila siku mpaka lizoee. Likawashwa siku kumi. Kila siku mkate ulikuwa na vumbi jeupe mgongoni, na kila siku sisi tuliupangusa kwa kitambaa na kusema leo afadhali.

Kisha zikaja mvua za mchoo, zile za kipupwe. Usiku mmoja tulisahau kulifunika kwa makuti. Asubuhi nilisikia uani sauti kama ya samaki katika mafuta moto. Tanuri lilikuwa linatoa moshi bila moto. Ukuta wa ndani ulikuwa umevimba, unapasuka, unaanguka vipande vipande, na kila kipande kikiguswa na maji kilichemka na kuwa unga mweupe. Mpaka tulipokusanyika wote, nusu ya tanuri ilikuwa lundo.

Bavyaa alisimama mbele yake.

"Nimechoma chokaa," alisema. "Umri wangu wote nimechoma mawe haya yawe chokaa. Halafu nimeyachukua yale yale nikajengea nyumba ya moto."

Aliuweka mwiko juu ya mawe, akapanda juu. Siku ile hakushuka, wala ya pili, wala ya tatu. Sahani ya chakula ilirudi kama ilivyokwenda. Mavyaa hakulia. Aliosha sahani safi akaiosha tena, na mimi nikajua ninachokiona: mtu amefika pale alipokuwa anapaogopa.

Ramadhani ilikuwa imebaki wiki tatu.

Siku ya nne mavyaa alikwenda sokoni. Nilishuka uani, nikatia unga ule mweupe kwenye bakuli, nikaukoroga na maji kwa kijiti, maana chokaa mbichi humla mtu ngozi. Ulilainika ukawa kama maziwa ya mtindi, bila chenga hata moja. Nilijitanda leso, nikapanda ngazi na bakuli langu. Nilisimama nje ya mlango.

"Hodi, baba."

Alitazama nyuma yangu, akimtafuta mkewe anipokelee maneno.

"Mama yako yuko wapi?"

"Amekwenda sokoni. Baba, chokaa hii imeiva, au bado?"

Nilidhani atanifukuza. Kisha akatia kidole, akasugua kwa kidole gumba, akakinusa.

"Nani aliyekutuma?"

"Sikutumwa."

"Imeiva," alisema taratibu. "Imeiva sana. Chokaa namna hii mtu huitafuta." Akanitazama kwa mara ya kwanza tangu niingie nyumba ile. "Kwani unataka nini nayo?"

"Kwetu ukuta wa ndani wa tanuri ni wa udongo. Mimi naweza kuufinyanga. Lakini ukisimama peke yake utaanguka, na joto lote litatoka nje. Namtaka mtu wa kuujengea ukuta wa mawe kuuzunguka, mbali kidogo na moto."

"Ulijua," alisema.

"Nilijua, baba."

"Tangu lini?"

"Tangu mawe yalipoingia mlangoni."

"Na ukanyamaza!"

"Nilikuwa bi arusi."

Kwanza nilidhani anakohoa. Alikuwa anacheka. "Bi arusi! Mtaa mzima umekula chokaa kwa sababu wewe ni bi arusi!" Alicheka mpaka akafuta macho kwa ule mkono mbovu. Kisha akaomba chai.

Mume wangu alileta udongo kutoka kwetu Jomvu, magunia manne. Ukitaka kujenga la kwako, usiogope, kazi yenyewe ni subira tu. Twanga vigae vya vyungu vilivyovunjika, uchanganye na udongo, sehemu moja ya vigae kwa tatu za udongo, ili usipasuke. Ukande kwa miguu mpaka usishike nyayo. Viringisha kamba nene kama mkono wa mtoto, uzipange duara juu ya duara, ukipanda kila siku shubiri moja tu, maana chini lazima kukaze kabla hujaongeza juu. Uweke kivulini, usianike juani hata kama una haraka. Ukikauka, washa moto wa vifuu vya nazi, mdogo wa kuchemshia kahawa, siku ya pili mkubwa kidogo, hivyo hivyo mpaka siku ya tano. Ukiona ufa mwembamba kama unywele usihuzunike. Mama yangu akisema tanuri lisilo na ufa halijapikiwa.

Wakati udongo wangu ulipokuwa unapanda, bavyaa alijenga kuuzunguka kwa mkono wa kushoto. Kati ya udongo na mawe tulitia mchanga na jivu, ili joto lisifike kwenye matumbawe. Na mawe yale aliyashikisha kwa chokaa ya tanuri lililoanguka. Hatukutafuta chokaa nyingine. Aliniuliza moja kwa moja, "Mwanangu, unene wa udongo wako ni vidole vingapi hapo?" nami nikamjibu moja kwa moja, na mavyaa, aliyekuwa anapita na maji, akasimama katikati hajui apokee neno la nani.

Siku ya sita ya kujenga, nilirudi nyuma nikatazama. Upande wa kibla ulikuwa umeinama. Kidogo sana. Alikuwa amechoka siku ile, hakupima. Safu tatu zilikuwa zimeshapanda, na uso wake ulikuwa na furaha. Nikakumbuka dirisha la jikoni, na maneno ya mavyaa: nyamaza, hebu tazama mkono wake.

"Baba," nilisema, "upande huo umeinama."

Mavyaa alinikazia macho. Bavyaa aliutoa mwiko, akatazama ukuta, akanitazama mimi. Akachukua timazi akaiteremsha. Kamba ikakaa mbali na jiwe, upana wa ukucha.

"Kweli," alisema. Akabomoa safu zote tatu, akaanza upya.

Alasiri ya kuamkia Ramadhani tulibandika mofa ishirini. Hakuna ulioanguka. Jirani yetu wa tambuu alikuja mwenyewe bila kuitwa, akafungua pembe ya leso yake akatoa popoo moja, akaiweka mbele ya bavyaa.

"Leo nimekuja na yangu," alisema.

Aliuma mkate. Bavyaa alitazama chini, akichezea uzi wa timazi. Yule bibi alitafuna, akameza, akauma tena, akatafuna tena taratibu kana kwamba anahesabu punje za mtama. Kisha akaichukua popoo yake akaifunga tena kwenye leso.

"Nimeibeba bure," alisema. Na kabla hajaondoka akamwambia bavyaa kwamba kidaraja cha kupandia mlangoni mwake kimelika, kila akitoka anajikwaa, na waashi wa siku hizi hawajui kazi.

Bavyaa alikwenda kukijenga baada ya Idi. Mkono wa kulia haukupona kamwe, lakini alijenga kwa wa kushoto miaka mingi baadaye, kazi ndogo ndogo za mtaani, vidaraja na mabaraza. Na kila alipofika safu ya mwisho alikuwa akituma mtu, au akisimama mwenyewe chini ya dirisha letu na kuita, hata nilipokuwa nimeshazaa watoto watatu:

"Bi arusi! Njoo utazame kama ukuta umeinama!"