Rangi Nyekundu kwenye Kucha za Mume Wangu

Mume wangu ni mwalimu wa Kifaransa. Tulipotoka Bukavu, Kongo, tukaja Kampala, lugha hiyo ilikuwa kitu pekee alichobeba ambacho watu wa hapa walikihitaji. Huenda nyumba kwa nyumba akifundisha watoto wa watu wenye nafasi, nami nashona nguo kwenye kibanda changu Kawempe. Kwa hiyo aliponiambia amepata mwanafunzi mpya Bukoto, mama mtu mzima, kila Jumamosi kuanzia saa nane mchana, sikuona neno. Shati la siku ya kwanza nililipiga pasi mwenyewe.

Mwezi wa pili nikaanza kunusa. Shati lilirudi na harufu ya ile dawa ya kutolea rangi ya kucha, kali, inayopanda puani mpaka machozi yakanilenga. Nikaliloweka. Jumamosi iliyofuata nikaona chini ya ukucha wa kidole gumba chake mstari mwekundu, mwembamba kama uzi.

"Baba watoto, hii nini?"

Akautazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine. "Wino. Si unajua nasahihisha kwa kalamu nyekundu?"

Nimefanya kazi na vitambaa miaka mingi. Najua wino unavyozama na najua rangi inavyokaa juu juu. Ule haukuwa wino.

Tangu hapo kila kitu kikawa ushahidi. Kibano changu cha nyusi kilipotea siku mbili, kikarudi kimeganda gundi kwenye ncha. Tupa yangu ya kucha ikaisha makali bila mimi kuigusa. Halafu siku moja nafua suruali yake, nikakuta mfukoni kitu kidogo cha kung'aa, hakizidi punje ya dengu, chenye kikonyo upande mmoja. Moyo ukaniambia: hereni imevunjika. Nikampelekea jirani yangu wa sokoni anayeuza mapambo. Alikigeuza kiganjani, akakigonga kwenye jino.

"Plastiki," alisema. "Hii si hereni. Lakini dada yangu, mwanamume hatembei na kitu cha kung'aa mfukoni bila sababu."

Nadhani nilikuwa nikimsubiri mtu aniambie hivyo. Jumamosi ile nilifunga kibanda mapema, nikajifunga kilemba ambacho yeye hakijui, nikamfuata. Aliingia kwenye jengo la fleti, mimi nikakaa dukani ng'ambo ya barabara na soda mkononi. Nilimwona kupitia madirisha ya ngazi akipanda mpaka ghorofa ya tatu. Soda ikapata joto. Saa nzima ikapita. Nikapanda.

Viatu vyake vilikuwa nje ya mlango mmoja; hapo nilisikiliza kwanza. Sikusikia Kifaransa hata neno moja. Nilisikia mwanamke akicheka, kisha akisema kwa Kiganda, "Mpola, ssebo, mpola," yaani taratibu, bwana, taratibu. Nikagonga kwa ngumi.

Aliyefungua alikuwa mwanamke wa rika langu, miwani ameisukuma juu ya kipaji, kisu kidogo mkononi. Jambo la kwanza nililotazama ni kucha zake. Zilikuwa fupi, kavu, hazina rangi. Nyuma yake, kwenye meza ya chakula, mume wangu alikuwa ameshika kwa vidole viwili gari jekundu lisilo na milango, dogo, la kutosha kulala kwenye kiganja. Mezani palijaa vipande vya plastiki, gundi, na chupa tatu za rangi ya kucha.

"Mama watoto," alisema, akainuka nusu, akabaki hivyo hivyo, hakusimama wala hakukaa.

Yule mama ndiye aliyeeleza, kwa Kiswahili chake cha Kampala. Alikuwa mjane. Marehemu mume wake alipenda magari haya ya kuunganisha. Unanunua sanduku, ndani vipande vyote vimeshikamana kwenye fremu, unavikata, unavisugua, unavibandika mpaka gari linatokea. Ndugu zake wa ng'ambo walikuwa wakimletea. Alikufa akiacha kabati zima la masanduku yasiyofunguliwa, na mke akaamua kuyamaliza moja baada ya jingine. Baadhi yalikuwa na maelezo ya Kifaransa tupu. Mtu akamwelekeza kwa mwalimu. Rangi zenyewe zilizotengenezwa kwa kazi hiyo hazipatikani kirahisi hapa, ndiyo maana walitumia za kucha.

"Sasa mbona ulidanganya?" nilimwuliza mume wangu. "Mbona wino?"

"Ungenicheka," alisema. "Mwanamume mzima na magari ya kuchezea."

Jibu lilikuwa zuri, tena jepesi mno. Mwanamke anayecheka nyuma ya mlango uliofungwa hawi wa salama kwa sababu tu mezani pana gari. Nikavuta kiti, nikakaa. "Basi nionyesheni na mimi," nikasema.

Hivyo ndivyo nilivyoanza kuunganisha magari: kwa ulinzi. Kila Jumamosi niliandamana naye. Nilikaa katikati yao. Nilihesabu vikombe vilivyokuwa vimeoshwa kabla hatujafika. Wakizungumza Kiganda, ambacho mimi najua cha sokoni tu, nilikariri maneno ili nikamwulize jirani yangu wa mapambo, naye akanirudishia, "Wanasema tairi. Wanasema gundi haijakauka." Sikumwamini hata yeye.

Ili nisikae bure nilipewa vibandiko, vile vya namba na mistari ya ubavuni. Unakilowesha majini, kinateleza kutoka kwenye karatasi yake, unakisukuma kwa brashi mpaka kikae pake. Ukivuta kwa pupa kinachanika. Mikono yangu ilizoea hariri, haikupata taabu. Mjane alivaa miwani yake, akainama kutazama mstari wangu, akasema, "Kale," yaani sawa kwa Kiganda, "huyu anajua." Nilifurahi, kisha nikakasirika kwa kufurahi. Nikajiuliza ananisifu ili iwe nini.

Ikafika Jumamosi moja mume wangu ana mazishi ya mwenzake. Alisema hatutakwenda. Nilimwacha aondoke, nikaenda peke yangu, bila kupiga simu. Nilitaka kumkuta yule mama akiwa hanitarajii.

Alifungua, akatazama nyuma yangu kwenye ngazi. "Yeye wapi?"

Nikaona hiyo ndiyo nafasi. "Nyabo," nikamwita kwa heshima ya Kiganda, "unataka nini kwa mume wangu?"

Alishusha miwani machoni. Kisha akaniingiza, akanikalisha, akaleta gari lile jekundu na kuliweka mbele yangu. "Wewe fundi. Angalia mlango."

Nikaangalia. Mlango wa kushoto ulikuwa umekaa kombo, chini umeachia upenyo, na gundi imefurika mpaka kwenye kioo ikakifanya kiwe na ukungu.

"Bwana yako anabandika kama mutu anakimbia mvua," alisema. "Mimi naita yeye asome karatasi tu. Amesoma, hataki kutoka. Wiki ya kwanza, wiki ya pili, anakuja tu. Mimi naona haya kufukuza mwalimu. Sasa yeye naharibu masanduku ya mzee wangu." Akashusha sauti. "Na tena, usikasirike. Mimi nilifikiri yeye anaiba. Kioo cha pembeni, kile cha kuona nyuma, kimepotea. Mimi nahesabu vipande kila akitoka."

Kumbe tulikuwa wawili tunaohesabu. Nilifungua mkoba, nikatoa kile kidude cha kung'aa nilichokuwa nimekifunga kwenye kipande cha kitambaa, nikakiweka mezani. Alikichukua kwa kibano, akakiweka kwenye tundu la mlango wa kulia. Kiliingia sawasawa.

"Kilikuwa mfukoni mwake," nikasema. "Sidhani alijua."

"Wewe uliweka kwa nini?"

"Nilidhani hereni yako."

Akagusa masikio yake. Hayakuwa yametobolewa. Tulicheka, lakini si sana. Tulikuwa bado tunatazamana.

Alichonibebesha kilikuwa kigumu: nimwambie mume wangu asije tena. Nilirudi nyumbani nikamkuta ameketi na suti yake ya mazishi. Nilitafuta maneno laini, nikayakosa. Nikasema tu kwamba milango inakaa kombo, na kwamba mama yule alitaka msomaji, hakutaka msaidizi.

Hakubisha. Alivua tai, akaikunja, akaifungua, akaikunja tena.

"Kule mezani," alisema, "hakuna aliyeniuliza nilitoka wapi na nitarudi lini. Aliniuliza hatua ya saba inasemaje. Nikajibu, ikawa kweli, gurudumu likazunguka. Basi."

Nilikuwa nimetumia miezi nikitafuta mwanamke ndani ya mashati yake, na jambo hili alikuwa nalo muda wote. Nilimwomba radhi kwa kumfuata. Aliitikia kwa kichwa. Kuhusu wino hakuomba radhi, nami sikumdai.

Jumamosi iliyofuata alibaki nyumbani. Mimi nikavaa, nikasimama sebuleni na mkoba begani, sijui niage vipi. Ningeweza kuacha. Lakini tulikuwa tumeanza lori la mafuta, na mistari ya tangi lake ni mirefu, haiwezekani kwa mikono miwili tu.

"Nenda," alisema bila kuinua macho kutoka kwenye madaftari ya wanafunzi. "Ila mwambie gundi aweke kidogo. Nilikuwa naweka nyingi."

Nilifikisha ujumbe. Mjane aliuliza kama amekasirika. Nikasema hapana, ana wanafunzi wengi siku hizi. Ulikuwa uongo, nao ulinitoka upesi kuliko nilivyotegemea. Alinitazama juu ya miwani, nikajua hajaniamini. Kisha akanisogezea bakuli la maji, na tukaanza na mstari wa upande wa dereva.