Tembo Nyuma ya Bikira

Ernestine wa Ngagara anafua vitambaa vya altare tangu ujana wake, na ukitaka kumuudhi, mwambie padri amevaa kanzu yenye kunyanzi. Shingoni hakosi medali yake ya fedha, kubwa kuliko za wenzake, nyeusi kwa jasho la miaka. Aliirithi kwa mama yake, aliyekuwa mpishi wa familia ya Wahindi mtaa wa Asiatique, naye aliachiwa na bibi wa nyumba siku walipohama.

Upande mmoja kuna mwanamke mwenye shela na taji. Kando yake pameandikwa Victoria Regina, na Ernestine, aliyeokota Kilatini chake misani, alikwisha kutafsiri zamani: Malkia wa Ushindi. Nani mwingine kama si Bikira Maria? Upande wa pili, chini ya weusi, watu na wanyama wanapita milimani. Hao ni Mamajusi na ngamia wao, wanakwenda Bethlehemu. Mwanawe wa pekee, Valéry, alipopata degedege utotoni, aliwekewa medali hiyo kifuani akapona. Basi nani angemwambia kitu?

Sasa Valéry ni mwanajeshi, na juma lililopita alipangiwa misheni ya ng'ambo. Ernestine aliapa kwamba mtoto hataondoka bila medali shingoni. Kumbe kipete cha kutungia mnyororo kimekatika. Akaipeleka mtaa wa Buyenzi kwa sonara Twalibu, naye sonara akatia lehemu, kisha kwa wema wake tu, bila kuombwa, akaisugua kwa limau na majivu mpaka ikang'aa. Wema mwingine ni balaa.

“Mama Valéry,” akasema, “huyu ngamia wako ana mkonga.”

Ernestine akacheka. Akatazama, kicheko kikamkauka. Tembo! Tembo mzima, na mgongoni amebeba mzinga. Pamoja naye wapanda farasi, na juu yao herufi zilizokuwa zimefichwa na jasho lake zikasomeka waziwazi: AFGHANISTAN.

“Mana yanje, Mungu wangu! Mamajusi walipita Afghanistan?”

“Apana, Mama. Hii iko medali ya vita. Bibi yangu alikuwa Muhindi, kwao ilikuwako moja kama hii. Huyu mwanamuke alikuwa malkia ya Waingereza. Alipatia hii askari wa farasi wa India, wenye walienda kumupigania uko Afghanistan. Ona hapa pembeni, jina ya mwenyewe.”

Jina lilikuwapo kweli, limechongwa kwenye ukingo. Kila jioni Ernestine alikuwa akilipapasa kwa kidole gumba kama punje ya rozari.

Akakaa juu ya gunia la mkaa na kitenge chake kizuri. Malkia wa Waingereza! Novena zote zile alikuwa akimsumbua bibi wa Kizungu asiyejua hata Burundi iko wapi! Aliona aibu, akataka kulia, akataka kumpiga Twalibu na malimau yake. Ndipo wazo jingine likamchoma, baya kuliko hayo yote.

“Huyu askari, alirudi?”

Twalibu aliigeuza medali mara mbili. “Sijui, Mama. Wenye walirudi walivalishwa. Za wenye walikufa, wallahi, zilitumwa kwa mama zao.”

 Ernestine aliinyakua medali, akasahau hata kuaga.

Nyumbani alimkuta Valéry ameshavaa magwanda, mfuko mlangoni. Kijana aliinama avalishwe, kama alivyofundishwa tangu mdogo. Mama yake akarudi nyuma, ngumi ameificha mgongoni.

“Mama, medali iko wapi?”

“Hii si ya kuondoka nayo.” “Hii wanavalishwa wenye wamerudi. We urudi, nitakuvalisha mi mwenyewe.”

“Mama, kuna nini?”

“Urudi, nimesema! Sitaki mutu aniletee yako.”