Bei ya Kuimbisha Watu

Kuna Jumamosi moja ya Desemba, mwanangu, ambayo bado inanirudia yote nikiwa peke yangu na ng'ombe zangu, mpaka harufu ya petroli. Ilikuwa mwishomwisho wa miaka ya tisini, nami nilikuwa kijana mwenye maringo mengi na haki ya kuwa nayo.

Acha nikuambie haki hiyo ilitoka wapi. Shule niliacha darasa la sita, kule Sigowet, karo ilipowashinda wazazi. Nikachuma majani chai ya wenyewe, nikabeba matofali, nikajifunza kutengeneza redio kwa kuzifungua na kuziharibu. Na ni mimi, si mwingine, niliyeleta karaoke upande huu wetu. Ukisikia mtu anajisifu kwamba alinitangulia, mwambie aje tukae naye. Mitambo niliinunua kwa hoteli moja ya Nakuru iliyokuwa inafungwa: televisheni yenye mgongo mkubwa kama wa fahali, mashine ya kaseti za video, spika mbili, maikrofoni mbili. Maneno ya wimbo yanapita kwa skrini, muziki unapiga bila mwimbaji, na wewe mteja ndiye mwimbaji. Watu walikuwa hawajaona kitu kama hicho. Nimeona mwalimu mkuu mzima, suti na tai, akilia machozi huku akiimba zile nyimbo za kantri za Wazungu wa kofia kubwa.

Kazi ya baa haikunisumbua. Kila Jumamosi kuanzia saa nane mchana nilikuwa Sotik, kwa Mama Wangari, mama Mkikuyu aliyeanza biashara pale kabla sijazaliwa. Stima iko, viti viko, watu wako. Nilimwambia mia sita, akasema mia tano, tukakutana katikati na sahani ya nyama juu.

Kazi ya nyumbani kwa watu ndiyo ilinishinda. Harusi, mzee amestaafu, mtoto amemaliza chuo. Hapo sikuwa na bei. Bei yangu ilikuwa macho. Nikiona chai imepanda mpaka mgongo wa kilima na ng'ombe wanne wa gredi, wale wa maziwa mengi, nasema elfu tatu. Nikiona mahindi tu, nasema mia saba, halafu petroli inanimaliza. Na wakati wa bonasi, kiwanda cha chai kikishawalipa wakulima, kila mtu kwangu alikuwa tajiri, hata yule ambaye bonasi yake yote imeliwa na deni la mbolea. Usicheke. Wewe pia, unayeifanya kazi hii sasa, juzi uliniambia huwa unaangalia kwanza gari la mteja ndipo utaje bei.

Sasa, siku hizo nilikuwa nampenda msichana wa Mogogosiek anaitwa Chebet. Tulikuwa tumeelewana sisi wawili. Mpango ulikuwa wazee wetu waende kwao Januari kumuuliza, kama inavyotakiwa. Kilichobaki ni baba yake, Mzee arap Tonui, akubali. Mzee huyo alikuwa na chai, alikuwa na ng'ombe, na kanisani alikuwa na kiti chake mbele ambacho hakuna mwingine aliyekikalia. Mimi nilikuwa na spika.

Basi nikiwa Sotik nafunga waya, naambiwa kuna mtu ananitaka nje. Natoka, namkuta Mzee arap Tonui amesimama kwenye veranda ya duka la jirani, maana mlango wa baa hangeugusa hata kwa fimbo.

"Nasikia ni wewe unaimbisha watu na televisheni," akasema.

"Ni mimi, Mzee."

"Kijana wangu amemaliza chuo cha ualimu. Nataka uje nyumbani Jumamosi ijayo. Bei yako ni gani?"

Mwanangu, hapo nilinaswa. Nikitaja kubwa, ataona mimi ni mwizi. Nikitaja ndogo, ataona mimi ni maskini. Nikaona njia moja tu ya kupita katikati. Nikasema, "Mzee, wewe ni kama baba. Nitakuja tu."

Akaniangalia. "Utakuja tu?"

"Nitakuja tu."

"Na pick-up nayo itakuja tu? Na petroli?"

"Hiyo niachie mimi, Mzee."

Akasema haya, akaenda zake. Mimi nikarudi ndani nikiruka. Nilidhani nimeshaoa.

Jumamosi ikafika. Jenereta niliikodi kwa mtu wa posho mill, yule wa kusaga mahindi, pick-up nikamwomba rafiki yangu Kipkoech, ambaye hata yeye alitaka mafuta kwanza. Tulipanda Mogogosiek asubuhi na matope yake yote. Watu walikuwa wengi, hema limejaa, na nilipowasha, yo! Niliwaimbisha watu siku ile. Kogo mmoja, nyanya wa miaka themanini, alishika maikrofoni akaimba wimbo wa kanisa mpaka vijana wakaacha kula.

Lakini polepole nikaanza kuona mambo. Mtu akaja: "Kijana, saidia kubeba viti." Nikabeba. Mwingine: "Kijana, hebu songesha hiyo televisheni, inafunga njia ya chakula." Nikasongesha. Chakula chenyewe kikapita, kikapita tena, hakikusimama kwangu. Kila fundi alikuwa na sahani, wa hema, wa picha, wa keki. Mimi hakuna aliyejua niwekwe upande gani, wa wageni au wa wafanyakazi.

Halafu saa tisa na nusu, mwalimu mkuu wa shule ya pale yuko katikati ya wimbo, macho amefunga, mkono juu, sauti ikakatika. Skrini nyeusi. Nakimbia nyuma ya nyumba, namkuta Philemon, mdogo wake Mzee, amechomoa waya zangu na ameunganisha jenereta na mashine ya kukata nepia, yale majani ya ng'ombe.

"Mzee, mwalimu yuko katikati ya wimbo!"

"Ng'ombe hawajui karaoke," akasema, hata hakugeuka. "Ni saa ya kukamua. Na kwani si umekuja bure? Ngoja kidogo."

Nilingoja. Alikata nepia ya ng'ombe wote, ya leo na ya kesho. Alipomaliza petroli ilikuwa imeisha, na mimi sikuwa na mdomo wa kuomba mtu pesa ya petroli. Ningeanzia wapi? Sherehe ikapoa kama chai iliyosahaulika mezani. Watu wakaanza kuaga, na mwalimu mkuu akapita karibu yangu akisema kwa sauti, "Hivi vitu vya bure!"

Nilikuwa nakunja waya Mzee aliponiita kwa zizi. Mama Chebet alikuwa pale, amebeba kibuyu cha mursik, yale maziwa yetu lala yenye mkaa. Akanimiminia kikombe. Mzee akangoja ninywe yote.

"Mimi nikipeleka majani chai kituoni," akaanza, "karani anaweka kwa mizani. Akisema kilo kumi na nane, namwambia angalia tena. Tunabishana. Siku moja karani akiniambia, 'Mzee, wewe leo usipime, weka tu hapo,' nitajua nini?"

Nikamrudishia Mama kikombe.

"Nitajua majani yangu ni takataka. Kijana, mimi nilikuja Sotik nikakuuliza bei. Sikuwa naomba. Nilikuwa na pesa mfukoni nimeshatenga. Kwa nini ulinifanya mtu wa kusaidiwa mbele ya watu wangu?"

"Mzee, mimi nilitaka tu..."

"Najua ulichotaka. Unafikiri msichana anaweza kupenda mtu kwa hii nyumba na mama yake asijue?" Mama Chebet aliangalia ng'ombe kana kwamba hajawahi kuwaona. "Nilitaka kuona mwanaume. Mwanaume gani hajui kazi yake ni ya pesa ngapi? Nikikupa msichana utamlisha na 'nitakuja tu'? Waambie wazee wako wasije Januari."

Hivyo tu. Hakupaza sauti. Nilishuka ule mlima nimekaa nyuma ya pick-up na spika zangu, Kipkoech akiendesha mpaka lami.

Jumatatu nikaenda kwa Mama Wangari nikamwambia yote. Unajua alifanya nini? Alicheka mpaka akashika meza. Halafu akapangusa macho, akaleta bakuli la vifuniko vya soda akamwaga kwa kaunta.

"Wewe hujui kalamu sana na mimi pia sijui," akasema. "Kila kifuniko ni shilingi hamsini. Weka pick-up."

Nikaweka.

"Weka jenereta na petroli. Weka chakula chako, kwa sababu wakikunyima lazima ule. Hizo spika ni za milele?"

"Hapana, Mama."

"Basi weka vya kununua nyingine hizo zikifa. Sasa weka siku yako."

"Siku yangu?"

"Ngai! Kwani Jumamosi hiyo hukuwa ufanye kazi hapa kwangu? Hukunipotezea wateja? Siku yako ina baba na mama, si yatima. Weka."

Nikaweka. Akaniongezea vifuniko vingine vinne, akasema hivyo ni vya mimi kuwa mimi, kwa sababu upande huu wote hakuna mwingine anayefanya ile kazi. Tukahesabu: elfu moja na mia nane. Niliangalia kile kirundo, mwanangu, na kwa mara ya kwanza nilijua mimi ni nani. Halikuwa jambo la chai ya mtu kupanda kilima. Ilikuwa elfu moja na mia nane kwa tajiri, elfu moja na mia nane kwa maskini, na ningeweza kukuonyesha kila shilingi imekaa wapi.

Lakini Chebet? Chebet hakuwa kwa lile bakuli. Krismasi ikapita vibaya. Wazee wangu waliniuliza siku ya safari nikawadanganya kwamba barabara ni mbaya.

Katikati ya Januari nikapata ujumbe kutoka Mogogosiek: chama cha akina mama kinafungua mwaka, wanataka kuimba, nifike tuongee. Mwenyekiti wa chama ni Mama Chebet, na mahali ni kwake. Nilienda. Safari hii sikuingia. Nilisimama langoni. Mama akatoka na kibuyu, na nyuma yake akina mama wanne hivi, mikono kwa kiuno.

"Karibu unywe maziwa kwanza," akasema.

Hapo ndipo kazi yetu inaharibikia, huku kwetu. Ukishakunywa mursik ya mtu wewe ni wa nyumba, na mtoto wa nyumba hataji bei. Nikasema, "Asante Mama, nitakunywa. Lakini tuongee kazi kwanza. Bei yangu ni elfu moja na mia nane."

"Elfu moja na nini?" mmoja akauliza. "Kwani unaleta malaika waimbe?"

"Malaika ni nyinyi, Mama. Mimi naleta mitambo."

Wakacheka, lakini Mama Chebet hakucheka. "Elfu moja," akasema. "Na Desemba ulikuja bure."

Kwetu kijana hasimami kubishana na mama wa msichana anayemtaka. Ni aibu kubwa. Lakini nilijiambia, hapa langoni mimi ni fundi. Huko ndani ndiko nitakuwa mtoto.

"Desemba nilikosea, Mama. Pick-up ni mia nne. Mkinitumia ile gari yenu ya kubeba maziwa, hiyo mia nne naitoa, inabaki elfu moja na mia nne. Chini ya hapo siwezi, na sitakuja nifanye kazi mbovu."

"Elfu moja na mia mbili."

"Mama, elfu moja na mia nne. Na jenereta ikishaanza, haikati nepia."

Kisha kule kwa zizi nikasikia mtu anakohoa, na Mzee arap Tonui akatoka na ndoo mkononi. Kumbe alikuwa pale wakati wote.

"Mama Chebet," akasema, "mlipe kijana wa watu." Halafu akanigeukia. "Na wazee wako, chai yao huwa ni ya maziwa au ya rangi?"

"Ya maziwa, Mzee," nikasema.

"Basi waje nyumbani Jumamosi baada ya hiyo kazi yako."

Chebet ndiye huyu anayewapikia chapati mkija kunitembelea. Na mama yake, mpaka leo, akinipigia simu kuhusu sherehe huuliza kwanza, "Fundi, bei ni gani?" na ndipo ananiita mwanawe.

Basi mwanangu, shika haya. Keti uhesabu kila kitu kinachokutoka, na siku yako uiweke ndani, hata kama siku hiyo ungelala. Baa uipe bei yake kwa sababu stima ni yao na utarudi wiki ijayo. Nyumbani kwa watu bei ni nyingine kwa sababu unabeba kila kitu mgongoni. Lakini iwe ileile kwa kila lango. Shamba la mtu usilitie kwa hesabu yako. Itaje mapema, ukiwa umesimama, kabla hujapokea kikombe. Mtu akiomba upunguze, punguza kitu anachokiona kikitoka: gari, saa, spika moja. Ukipunguza hewa tu, atajua ulikuwa umeongeza hewa. Na siku ukitaka kutoa bure, kwa matanga, kwa kanisa, kwa ndugu aliyekwama, toa, mimi mwenyewe natoa sana. Lakini sema kwanza, "Kazi hii ni ya pesa kadhaa, na leo nimekupa." Hapo yeye anajua amepewa nini, na wewe unajua umetoa nini, na hakuna aliyedharau mwenzake.

Nenda sasa, una kazi Bomet na mawingu yanajikusanya. Mungu akupe koo lisilokauka na wateja wenye macho ya furaha. Awape watoto wako karo kutoka kwa hizo nyimbo, mpaka wasome kunishinda, jambo ambalo si gumu. Na popote utakapokaribishwa, ukaribishwe kama fundi na uagwe kama mtoto wa nyumba. Sai, safari njema.