Nilimpiga baba picha kwa rangefinder, fokasi ikaangukia kwa mke wangu

Wakuu, salaam kutoka Tunduma. Ninayoandika yamenitokea mwenyewe, na picha nimeziweka chini ya uzi. Ya tatu msiikosoe mpaka mmalize kusoma.

Kwa wasioijua rangefinder, nieleze taratibu. Kamera hii huchungulii kupitia lenzi. Unachungulia kwenye kidirisha cha pembeni, na katikati yake unaona kitu kimoja mara mbili. Unazungusha lenzi polepole mpaka zile mbili zikae pamoja. Zikiungana, fokasi iko hapo.

Yangu ni ya kidijitali, used, nilinunua kwa Mzambia mmoja hapa mpakani.

Raha yake inakufundisha kutulia. Ya kwanza, foleni ya malori, na ya pili, mama wa mchele anamcheka dereva, zote nilizipata kwa kutulia tu.

Sasa ya tatu.

Kwetu ni Ikinga, Ileje. Kwa desturi ya nyumbani, mke wa mtoto na baba mkwe hawatazamani usoni. Wakikutana njiani, mke huyo anaacha njia na kugeukia pembeni mpaka mzee apite. Siku hizi wengi wameacha. Baba yangu aliishika, na mke wangu akamheshimu hivyo hivyo.

Miaka kumi na miwili ya ndoa, alijua kikohozi chake, hatua zake, na kwamba ugali anautaka mgumu. Uso, hapana.

Tukampata binti wa mwisho. Kila anayemwona anasema huyu ni babu yake mtupu. Kwenye ukoo mzima, mama yake ndiye pekee asiyeweza kukubali wala kubisha.

Mwaka jana tukijiandaa kwenda nyumbani, akaniambia, "Baba Neema, nipigie baba picha. Nataka nione mtoto wangu kafanana na nani."

(Simu mzee alikuwa anazikimbia. Picha yake pekee ilikuwa ya kitambulisho, ambayo hata mimi mwanawe ilibidi nisome jina.)

Nilimuuliza mzee kama ni sawa. Akacheka. "Picha si mimi. Mpelekee aangalie mpaka achoke."

Nikamkalisha kwenye kigoda barazani. Akanitania kwamba nimenunua mashine ya maana halafu nachungulia kitundu kama mwizi wa kuku.

Pale kivulini nikafungua lenzi yote. Ukifungua hivyo, sehemu inayotoka vizuri ni nyembamba mno, ukikosea kidogo uso umepotea. Nikaunganisha kwenye jicho lake, nikabonyeza mara nne. Kwenye kioo kidogo cha nyuma ya kamera zilionekana safi.

Kosa langu lilikuwa hili. Tulipanda Ikinga kwa pikipiki, kamera kwenye begi, inagongwa njia nzima. Rangefinder ikigongwa, vioo vya ndani vinasogea. Kidirisha kinakwambia zimeungana, kumbe lenzi inatazama mbali zaidi. Wazoefu wakifika hupiga picha ya majaribio, wanaikuza, wanakagua. Mimi nilikuwa na haraka ya kumfurahisha mtu.

Tuliporudi Tunduma nikafungua kompyuta, mke wangu kasimama begani kwangu. Zote nne, uso wa baba ni ukungu. Unaona kofia, unaona mvi, basi.

Kwenye moja, hatua chache nyuma ya mzee, kuna mtu katoka safi mpaka nyuzi za kitenge zinaonekana. Ni mke wangu mwenyewe, ndoo mkononi, kwenye kona ya jiko, anamtazama mzee kisogoni.

Sikujua alikuwepo. Akanieleza kwamba alikuwa anapita, akaona mzee ameelekea kwangu, akapata nafasi ya kumwangalia bila kumvunjia heshima.

Nikamwahidi tutarudia wakati wa kuvuna kahawa. Kamera nikaipeleka kwa fundi, ikakaa sawa.

Kahawa haijaiva, tukapigiwa simu. Siku ya kuaga, mke wangu alipita mbele ya jeneza ameinamisha kichwa, kama alivyofanya siku zote.

Wakuu, sasa nina kamera nzima. Kila nikiiinua, jicho linamtafuta mzee mmoja wa kwenye kigoda.

Somo langu ni dogo. Mkisafiri na rangefinder, ijaribuni mkifika, kabla ya kumkalisha mtu. Na zile zilizoharibika msiwe wepesi kuzifuta. Hii ya tatu nilitaka kuifuta mimi. Mke wangu akaenda kuisafishisha, kubwa, akaitundika sebuleni. Nikamwambia mbona uso wa mzee hauonekani.

"Iache," akasema. "Mimi ndivyo nilivyomjua."

Karibuni, kosoeni mwanga, kosoeni mpangilio, ulizeni chochote kuhusu kamera, nitajibu kila mmoja. Na mwenye picha ya mzazi iliyotoka vibaya lakini hawezi kuitupa, aiweke hapa tuitazame pamoja.