Oveni Iliyokataa Kuachia Kitimoto

Mnaweza kucheka, ruksa. Lakini Krismasi iliyopita oveni yetu ilimteka nyara nguruwe.

Sitanii.

Tunakaa Viborg, Denmaki, mimi Asger na mke wangu Sidsel. Mchana wa tarehe 24, siku ambayo huku ndiyo huliwa mlo wa Krismasi, tulitoka kanisani, Sidsel akaingiza kilo tatu za kitimoto kwenye oveni, akabonyeza swichi.

Klik! Mlango ukajifunga wenyewe.

Akavuta. Wapi!

"Asger! Oveni inasema ina nyuzi mia nne!"

Nikagusa kioo. Baridi kama pua ya mbwa.

Oveni yetu ni ya zile zinazojisafisha kwa moto mkali. Joto likizidi, inafunga mlango ili mtu asiungue. Sasa ilikuwa imeamini kabisa kwamba inawaka, na nyama imelala ndani mbichi, inatuangalia.

Ingekuwa siku nyingine ningeagiza piza. Lakini hii ilikuwa Krismasi ya kwanza tangu mama mkwe, Bodil, afariki. Kila mwaka alichoma nyama hiyohiyo, ngozi akaimalizia kwa grili ya juu mpaka ikavimba na kulia kama biskuti. Sidsel aliapa kuipika vilevile kwa ajili ya baba yake, mzee Evald, aliyekuja kutoka Skive na kukaa kimya sebuleni tangu jana yake.

Nikampigia fundi.

"Tarehe 27," akajibu, nyuma yake watu wanaimba. Akakata.

Basi nikaingia kwenye ufundi wa kubahatisha. Nikazima umeme, nikawasha. Nyuzi mia nne. Nikafungua madirisha yote ili oveni ijionee yenyewe kuwa kuna baridi. Desemba hiyo! Nikabandika mfuko wa njegere za friza mlangoni pake.

"Unafanya nini?" Sidsel akauliza, amevaa koti jikoni.

"Naipoza."

"Unapoza kitu kilichopoa?"

"Yenyewe haijui kama imepoa!"

Hapo akakaa sakafuni, akaanza kulia. Kile hakikuwa kilio cha nyama.

"Nilitaka tu iwe kama ya mama."

Mzee Evald akatokea mlangoni. Huyu ni fundi umeme mstaafu, lakini vurugu zote zile hakuwa ameinuka kwenye kochi. Akamtazama binti yake pale chini.

"Asger, lete bisibisi. Na ile mita ya kupimia umeme. Halafu kazime umeme kwenye boksi, usije ukaniua sikukuu."

Tukafungua skrubu mbili za mbele, tukaivuta oveni kutoka kwenye kabati.

"Ndani juu, karibu na grili, kuna kijiti cha chuma," akanielekeza. "Ndicho kihisi joto. Kikipata moto, kinazidi kuuzuia umeme. Oveni inapima kile kizuizi, inajua ni nyuzi ngapi. Sasa waya ukiachia, umeme haupiti kabisa. Oveni inadhani iko jehanamu."

Akapitisha mkono nyuma. Bila tochi. Bila hata kuchungulia. Akautoa na plagi ndogo nyeupe inayoning'inia.

Akaigusa kwa ncha za mita.

"Kizuizi ni omu elfu moja na sitini. Kwa baridi hii uliyotuletea, ndiyo namba yake. Kihisi kizima. Plagi tu ilichomoka."

Tak! Akairudisha.

Nikawasha umeme. Nyuzi kumi na tano. Klik, mlango ukaachia, Sidsel akamrukia baba yake shingoni.

Mimi nikabaki najiuliza: plagi yenye kifungio inachomokaje yenyewe? Nikarudisha skrubu zangu. Ya wakwe hayo.

Saa mbili na nusu baadaye tulikuwa mezani. Ngozi imevimba, imekauka, ina rangi ya dhahabu. Sidsel akamwekea baba yake kipande kikubwa kuliko vyote.

Mzee akakitazama kama mtu aliyeletewa barua ya kuitwa mahakamani.

"Mwanangu. Mimi ndiye niliyechomoa ile plagi."

Uma wa Sidsel ukaishia hewani.

"Mlipokuwa kanisani. Miaka arobaini na tatu nakula hii ngozi. Inanikwaruza, inanivunja meno. Siipendi! Lakini mama yako alikuwa anaipika kwa moyo wake wote, ningesemaje? Nikawaza, mwaka huu angalau tule soseji."

Nikajua hapa kimenuka. Sidsel akaweka uma chini, polepole.

"Baba, hata mama alikuwa haipendi."

"Nini?"

"Aliniambia hospitalini. Alisema, 'Baba yako bila ile ngozi haoni kama ni Krismasi. Usiache kumpikia.' Kipande chake alikuwa anakificha kwenye leso."

Mabega ya mzee yakaanza kutikisika. Nikadhani analia. Kumbe anacheka, halafu kweli akalia, halafu vyote kwa pamoja.

"Kwenye leso! Na mimi changu cha pili nilikuwa namrushia mbwa!"

"Na wewe je?" nikamgeukia mke wangu.

"Mimi nakula nyama tu. Ngozi sijawahi kuipenda."

Jamani! Ukoo mzima! Miaka yote hiyo mlaji halali wa ngozi ile nilikuwa mimi peke yangu, mkwe, na walikuwa wananipimia kijipande!

Nikavuta sahani upande wangu. Nikala mpaka taya zikaomba likizo, na wao wakinitazama kama watu walio sinema.

Mwaka huu mzee alipiga simu mwezi wa kumi. Anataka bata.

"Una uhakika, baba?" Sidsel akamuuliza. Akarudia mara tatu. Mzee akaapa.

Ndugu zangu, oveni ikikuambia inaungua ilhali imepoa, zima umeme kwanza, kisha kagua plagi kabla ya kulaumu kihisi. Halafu uliza nyumbani alibaki nani.

Na yule unayempikia kwa upendo, muulize leo kama anakipenda chakula hicho. Msipoulizana, mtafichiana leso mpaka kaburini.