Majani ya Zizi la Kinondoni

Mwinshehe alikuwa Mzaramo wa maneno machache, mtunza farasi wa Mzungu mmoja huko Kinondoni, miaka ile kabla ya Vita vya Pili, mitaa ilipokuwa bado mashamba na vichaka. Farasi jike wa kijivu, Lulu, alipozaa dume, Mwinshehe ndiye aliyempokea, akamfuta kwa gunia.

Mtoto yule alikula lakini hakunenepa. Tumbo likamvimba kama kibuyu, manyoya yakamsimama. Daktari wa mifugo akaitwa.

"Minyoo," akasema. "Mshike nimpe dawa."

Mwinshehe akamkumbatia shingo. Mtoto akatulia mikononi mwake, dawa ikashuka.

Asubuhi ya pili alimkuta anagaagaa, jasho linamtiririka, anajipiga tumbo kwa kwato. Kabla ya adhuhuri akakata roho. Daktari akampasua palepale zizini, juu ya majani. Utumbo ulijaa minyoo minene, myeupe, imesokotana kama kamba. Dawa ilikuwa imeiua yote kwa mpigo, ikaziba njia.

"Ilikuwa mingi mno," daktari akasema taratibu. "Huna kosa. Hutoka kwenye majani haya. Mayai yake yamo udongoni, huyaoni kwa macho, na hukaa miaka."

Lulu alizunguka uzio akimlilia mwanawe hata sauti ikamkauka. Mwinshehe naye, kila alipotazama ule ukijani, aliona kitu kinachosubiri. Akawa haingii ndani bila kusugua nyayo kwa makumbi ya nazi mpaka zikachubuka. Siku ya Idi mkewe, Hamisa, alimpakulia tambi. Akainuka, akatapika uani.

"Baba Mwajabu, umeingiwa na nini? Nikuitie mganga?"

"Mganga atanitoa nini, Mama Mwajabu? Kitu chenyewe kiko nje, hakimo ndani yangu."

Mzungu akauza farasi, akarudi kwao. Uzio ukaoza, majani yakastawi kuliko popote. Aliyeleta mbuzi pale, Mwinshehe alimfukuza kwa fimbo. Watu wakasema mzee ana pepo.

Vita vilipokwisha akahamia jirani mgeni, Auleria, mke wa karani kutoka Bukoba. Siku moja Mwinshehe akamkuta kainama zizini na mundu.

"Shikamoo, mzee. Nakata majani ya kutandika sakafuni, kama kwetu."

"Marahaba. Lakini si haya, mwanangu. Nakuomba. Nitakukatia mengine."

Akavuka kijito, akakata majani machanga, akambebea mzigo kichwani hadi mlangoni. Auleria alikwishatandika chumba kizima kwa aliyoyakata mwanzo, akayafunika kwa haya mapya, akacheka, akamkaribisha. Juu ya majani mwanawe alikuwa akitambaa, kashika jani mdomoni.

Mwinshehe alisimama kizingitini.

"Mbona huingii, mzee? Haya yako si mazuri?"

Akalitazama lile jani mdomoni mwa mtoto. Hakujua tena kama ni la zizini au ni lile alilolikata mwenyewe.