Jino Moja, Wachawi Watatu

"Jino langu hili," Keziah Pruett alilitangazia soko zima la samaki la Billingsgate, amepanda juu ya pipa la vibua, "mwezi wa Mei litatundikwa ukutani kwenye jumba la maonyesho, na mabwana wenye saa za dhahabu watalivulia kofia."

Wachuuzi walicheka mpaka biashara ikasimama. Jino lenyewe lilikuwa moja tu, la juu, refu, la manjano, limebaki peke yake kama mlinzi aliyesahauliwa lindoni.

Lakini Keziah hakuwa akiropoka. Mwaka huo wa 1803 wachoraji vijana wa London walikuwa wamepagawa na mtunzi mmoja wa michezo ya kuigiza, marehemu wa karibu miaka mia mbili. Walimsoma mezani, walimsoma kitandani, walimlilia kama aliyezikwa juzi. Katika mchezo wake mmoja mna wachawi watatu na chungu chao, na kila kijana mwenye brashi alitaka kuwachora. Sasa wachawi utawapata wapi? Walimpata Keziah, mjane muuza vibua wa miaka hamsini na minane, akawatosheleza: Jumatatu mchawi wa kwanza, Jumatano wa pili, Ijumaa wa tatu. Mmoja alimkataza hata kung'oa vinyweleo vya kidevuni, eti mtunzi aliwapa wachawi ndevu. Wahenga walisema jino la pembe si dawa ya pengo. Wachoraji hawa dawa hawakuitaka; walilitaka pengo, na hilo jino lililobaki likililinda.

Mwezi wa Machi jino likaanza kuuma.

"Bwana Wragge," Keziah alimwambia mchoraji wa Ijumaa, "kesho nakwenda kuling'oa."

Brashi ilimtoka Wragge mkononi. "Bibi Pruett, usinimalize. Picha nzima nimeijenga kuzunguka jino hilo."

"Si umeshalichora?"

"Bado mng'ao wake. Wiki tano tu. Subira huvuta heri."

"Uambie ufizi wangu, usiniambie mimi."

Wragge akafungua kitabu, akamsomea ukurasa mzima huku machozi yakimlengalenga. Keziah alisikiliza, shavu kiganjani.

"Huyo mtunzi wenu, meno yake yalikuwa mazima?"

"Hakuna ajuaye, bibi."

"Yalikuwa mazima. Mwenye jino bovu asingefika ukurasa wa pili."

Hata hivyo alikubali, na si kwa ajili ya shilingi aliyolipwa kwa kukaa kitini achorwe. Mumewe na watoto wake wawili walikuwa wamekwenda ardhini bila hata kivuli chao kuchorwa kwenye karatasi. Kama kulikuwa na ukuta mmoja duniani utakaokiri kwamba Pruett fulani aliwahi kupita hapa, jino lingevumiliwa. Tena Wragge aliapa kumpeleka mwenyewe siku ya ufunguzi, mkono kwa mkono.

Wiki tano alitafuna karafuu, akasukutua kwa pombe kali, akala mkate uliolowekwa maziwa. Kutangaza bei hakuweza. Kitambaa kilimfunga taya. Nan Hobday, jirani yake wa meza ya pili, alimtangazia. "Vibua vya mchawi! Vya kwangu ni vya Mkristo!" Wateja wakahamia kwa Mkristo.

Siku ya ufunguzi ikafika, Wragge asitokee. Keziah alivaa kofia ya kanisani juu ya kitambaa, akamburuta Nan, wakalipa shilingi shilingi mlangoni. Ndani picha zilibanana kuanzia sakafu hadi dari. Ya Wragge ilikuwa juu kabisa.

"Mwenzangu," Nan alisema, shingo imepinda, "mbona sikuoni?"

Chungu kilikuwepo. Nyika ilikuwepo. Katikati palikuwa na moshi, moshi, na moshi mwingine, na ndani yake, ukishaambiwa, madoa matatu meusi. Chini ya picha alisimama Wragge na mabibi wawili wenye manyoya kichwani.

"Jino liko wapi?" Keziah aliuliza.

"Bibi Pruett! Niliusoma tena mchezo, nikaelewa. Mtunzi hakutaka tuwaone wachawi, alitaka tuwahofu. Nikaleta moshi. Jino lipo chini yake. Linahisiwa."

"Wa kulihisi ni mimi, bwana. Kazi yako ilikuwa kulionyesha."

Bibi mmoja mwenye manyoya alifumba macho, akasema katika moshi ule anaisikia pumzi ya mtunzi mwenyewe.

"Pumzi hiyo ni ya huyu hapa," Nan alimjulisha. "Wiki tano hajapiga mswaki upande ule."

Keziah hakupita nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa Crimp, kinyozi na mng'oa meno wa pale sokoni, akakaa, akaachama.

"Hili si ndilo lile la ukutani?" Crimp aliuliza, koleo mkononi.

"Ng'oa."

Lilitoka kwa mvuto wa pili. Crimp alitaka kubaki nalo, maana watengeneza meno ya bandia hununua. Keziah alimpokonya, akalifunga uzi, akarudi kwenye meza yake na kulitundika kwenye msumari ukutani, mahali ambapo hata mtoto mfupi angeliona. Kesho yake sauti ilimrudia, akatangaza bei mwenyewe.

Vibua, vitatu kwa peni mbili. Kulitazama jino, kwa wachoraji, shilingi moja.